Uzi Ukikatika: Asili ya Uboreshaji Usiokoma Viwandani

Kitambaa hufumwa kwa nyuzi za namna mbili. Ziko nyuzi za mtande, ambazo hutandazwa kwa urefu na kukazwa mtamboni, na uko uzi wa mshindio, ambao hupitishwa kwa upana, juu ya baadhi ya nyuzi za mtande na chini ya nyingine, mara elfu nyingi hadi jora likamilike. Uzi mmoja wa mtande ukikatika pasipo mtu kutambua, mtambo huendelea kufuma kama kawaida, na kasoro iliyoanza kwa upana wa unywele hugeuka kuwa mfuo unaopita katika kitambaa chote. Jora la namna hiyo haliuziki kwa bei yake. Ndiyo maana viwanda vya nguo vya karne ya kumi na tisa vililazimika kuweka watu wengi kando ya mitambo, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kutazama tu.

Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala aliyezaliwa mwaka 1867 katika kijiji kimoja cha Japani, alitumia karibu maisha yake yote kuitengeneza upya mitambo ya kufumia. Mtambo wake wa mwaka 1924, uitwao Aina ya G, ulikuwa na vipande vyembamba vya chuma vilivyoning'inizwa juu ya nyuzi za mtande, kila kipande kikishikiliwa na uzi wake. Uzi ulipokatika, kipande kilikosa pa kushikilia, kikaanguka na kuzuia mwendo wa sehemu iliyo chini yake, na mtambo wote ukasimama papo hapo. Mfumaji mmoja sasa aliweza kuangalia mitambo mingi, kwa maana hakuhitajika kuukazia macho hata mmoja wakati unapokwenda vizuri. Kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imeuza mitambo ya nguo duniani kote, ilikubali mwaka 1929 kununua haki za uvumbuzi huo kwa pauni 100,000.

Mtambo huo ulikwenda kwa kasi, lakini sifa yake kubwa ni kwamba ulijua kusimama. Kasoro haikupewa nafasi ya kusafiri. Ilionekana pale pale ilipozaliwa, ikiwa bado ndogo, na aliyeiona alikuwa karibu nayo. Wazo hili dogo ndilo mzizi wa utaratibu wa viwandani ambao Wajapani huuita kaizen, yaani kuiboresha kazi kila siku bila kukoma, na kwa mikono ya wale wale wanaoifanya. Hata hivyo kati ya chuma na binadamu kuna tofauti moja kubwa. Kipande cha chuma kinapoanguka hakiogopi kitu. Mfanyakazi anapoona kasoro, kwanza hujiuliza yatakayompata akisema.

Mwana wa Sakichi, Kiichiro Toyoda, alianzisha kampuni ya magari ya Toyota mwaka 1937. Mhandisi Taiichi Ohno, ambaye alikuwa ameanza kazi katika kiwanda cha nguo cha ukoo huo mwaka 1932, alihamishiwa upande wa magari mwaka 1943. Ohno alikuwa ameona jinsi mtambo wa nguo unavyojisimamisha, na alishangaa kuona kwamba katika utengenezaji wa magari hali ilikuwa kinyume. Katika viwanda vingi vya magari vya enzi hizo gari hupita mbele ya wafanyakazi likiwa juu ya mkanda uendao polepole, na kila mmoja huongeza kipande chake. Mtu akikosea, au akiletewa nati isiyolingana na bolti yake, gari huendelea mbele na kasoro yake. Husukumwa hadi mwisho, na huko hukutana na kundi la mafundi ambao kazi yao ni kubomoa na kutengeneza tena. Kuusimamisha mkanda kulihesabiwa kuwa kosa kubwa ambalo msimamizi pekee ndiye angeweza kuthubutu kulitenda, naye kwa kutetemeka.

Ohno aliamua kwamba kila mfanyakazi apewe uwezo wa kuusimamisha. Juu ya mstari wa kazi ilipitishwa kamba ambayo mtu yeyote aweza kuifikia kwa mkono. Akiivuta, taa ya manjano huwaka kwenye ubao ulio juu, ikionyesha namba ya kituo chake, na katika viwanda vingi muziki fulani husikika ili kiongozi wa kikundi ajue. Mkanda hausimami saa ile ile. Gari lina safari ya kumaliza ndani ya kituo kile, na kiongozi hukimbilia hapo kabla safari hiyo haijaisha. Tatizo likitatuliwa, kamba huvutwa tena na kazi huendelea. Lisipotatuliwa, taa hugeuka nyekundu na sehemu hiyo ya kiwanda husimama.

Mwanafunzi aweza kuuliza: je, kiwanda hakitapata hasara kikisimamishwa kila mara? Kitapata, na mwanzoni hasara hiyo huwa kubwa. Lakini ndiyo inayolazimisha chanzo kutafutwa. Kasoro iliyofichwa mwishoni mwa mstari hugharimu vile vile, ila gharama yake haionekani, kwa hiyo hakuna anayesumbuka kuiondoa.

Basi kamba ni kitu rahisi. Kiwanda chochote chaweza kununua mita mia mbili za kamba kesho asubuhi. Kilicho kigumu ni kumfanya mtu aivute, na aivute tena wiki ijayo, na mwaka ujao.

Sababu ya kwanza ya ukimya wa mfanyakazi ni lawama. Akisema pana kasoro, ataambiwa kwamba ni yeye aliyeitia. Jambo hili lina upande wake wa kihesabu ambao unaweza kuonyeshwa darasani kwa vifaa visivyogharimu chochote. Mwalimu na ahesabu maharage 1,000 ya aina moja na ya ukubwa mmoja. Maharage 200 yapakwe rangi nyekundu na kukaushwa vizuri, kisha yote yachanganywe ndani ya ndoo. Wanafunzi sita wateuliwe kuwa wafanyakazi. Kazi ya kila mmoja ni kuchota maharage 50 akiwa amefumba macho, na mwenzake ahesabu mekundu, ambayo ndiyo "kasoro." Baada ya kila mchoto maharage yote yarudishwe na kuchanganywa tena. Kila mfanyakazi afanye kazi kwa "siku" nne, na matokeo yaandikwe ubaoni.

Yatakayotokea ni haya. Mmoja atapata kasoro 6 na mwingine 14. Darasa litacheka, na yamkini litamshangilia wa kwanza na kumzomea wa pili. Siku ya pili mwenye 6 atapata 12, na wote watashawishika kusema kwamba sifa zimemlevya. Kumbe hakuna lililobadilika ila bahati ya mkono. Ndoo ina kasoro asilimia 20, kwa hiyo wastani wa maharage 50 ni 10. Mtawanyiko wake hupatikana kwa kipeuo cha pili cha 50 × 0.2 × 0.8, yaani kipeuo cha 8, ambacho ni takriban 2.8. Kipimo hicho kikizidishwa kwa 3, huwa takriban 8.5. Basi mchoto wowote unaoangukia kati ya 1.5 na 18.5 hauna habari yoyote juu ya bidii, uvivu, wala uangalifu wa mchotaji. Anayetaka kasoro zipungue na aende kwenye ndoo.

Mipaka ya namna hii iligunduliwa na Walter Shewhart, mwanasayansi aliyeshughulikia ubora wa vifaa vya simu Marekani, ambaye mwezi Mei 1924 aliwapelekea wakubwa wake karatasi moja fupi yenye mchoro wa kwanza wa aina hiyo. Mwenzake kwa fikra, William Edwards Deming, ndiye aliyelifanya zoezi la kuchota shanga nyekundu na nyeupe kuwa mashuhuri katika mafunzo yake. Deming alialikwa Japani na Chama cha Wanasayansi na Wahandisi wa nchi hiyo, na mwezi Julai 1950 aliwafundisha wahandisi na wakuu wa makampuni namna ya kutofautisha kasoro itokanayo na tukio la pekee na kasoro iliyomo ndani ya utaratibu wenyewe. Alikataa malipo yaliyotokana na kitabu cha mihadhara hiyo, na Wajapani wakayatumia kuanzisha tuzo yenye jina lake mwaka 1951. Katika uzee wake alikadiria kwamba asilimia 94 ya matatizo hutokana na utaratibu, ambao uko mikononi mwa uongozi. Huenda hesabu hiyo isikubaliwe na kila mtu, na Deming mwenyewe aliitoa kama makadirio tu. Uzito wake uko katika kugeuza swali: badala ya kuuliza ni nani, mtu aulize ni nini.

Kuuliza huko nako kuna njia yake. Ohno aliwazoesha watu wake kuuliza "kwa nini?" mara tano mfululizo. Tuseme katika kiwanda cha nguo kitambaa kimeonekana na madoa ya mafuta. Kwa nini? Kwa sababu mafuta yanadondoka kutoka katika beringi iliyo juu yake. Kwa nini yanadondoka? Kwa sababu mfanyakazi ameyatia kupita kiasi. Wengi huishia hapa, na mfanyakazi hukatwa mshahara. Lakini kwa nini ameyatia kupita kiasi? Kwa sababu beringi inapata moto, naye anaogopa isije ikakwama. Kwa nini inapata moto? Kwa sababu mkanda wa kuzungushia umekaza mno na unaivuta upande. Kwa nini umekaza mno? Kwa sababu mikanda iliyonunuliwa safari hii ni mifupi kuliko ile ya zamani, na aliyeagiza hakumwuliza fundi. Safari iliyoanza kwenye doa la kitambaa imeishia katika ofisi ya manunuzi. Mfanyakazi aliyekuwa karibu kuadhibiwa ameonekana kuwa ndiye aliyeuokoa mtambo, japo kwa njia mbaya.

Ifahamike kwamba maswali haya si uchawi. Muulizaji mwenye hukumu tayari kichwani atafika anapotaka kufika, hata akiuliza mara kumi. Kila jibu sharti lithibitishwe kwa macho pale kwenye mtambo: beringi iguswe, mkanda upimwe kwa futi.

Sababu ya pili ya ukimya ni kwamba mtu amesema zamani na hakuna aliyemjibu. Mwaka 1950 viongozi wawili wa Toyota, Eiji Toyoda na Shoichi Saito, walizuru kwa nyakati mbalimbali viwanda vya Ford nchini Marekani na kuona huko utaratibu wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi. Mwaka 1951 waliuanzisha kwao. Masanduku ya maoni yalikuwa yamekuwepo katika viwanda vingi kabla ya hapo, na kama ijulikanavyo na kila aliyewahi kufanya kazi palipo na sanduku hilo, aghalabu hujaa vumbi. Viwanda vilivyofaulu vilikuwa na desturi ya msimamizi wa karibu kuyasoma mapendekezo upesi, kuyajibu kwa maelezo, na kumwachia aliyependekeza alijaribu wazo lake yeye mwenyewe. Zawadi ilikuwa ndogo. Kilichowavuta watu ni kuona wazo lao likisimama mbele yao likiwa chuma na mbao.

Mawazo yenyewe kwa kawaida ni madogo, na hapa ndipo wataalamu wengi hukosea kwa kuyadharau. Chukulia mfanyakazi ambaye sanduku lake la bolti liko nyuma yake, hatua mbili kwenda na hatua mbili kurudi. Kama gari moja hupita mbele yake kila dakika, na zamu ina dakika 450 za kazi, basi hupiga hatua 1,800 kwa siku kwa ajili ya bolti tu. Kwa hatua ya sentimita 70 hiyo ni mita 1,260. Kigari kidogo chenye magurudumu, kilichochomelewa kwa mabomba mabovu na kuwekwa ubavuni pake, humwondolea mwendo wa zaidi ya kilomita moja kila siku. Hakuna mhandisi wa ofisini ambaye angeliona jambo hilo, kwa kuwa si miguu yake inayouma.

Ili mabadiliko madogo kama hayo yasipotee, lazima kazi iwe imeandikwa: hatua ipi ya kwanza, ipi ya pili, kwa muda gani, na kwa sababu gani. Hili huwashangaza wengi, kwani huonekana kwamba maandishi huua ubunifu. Lakini pasipo namna moja iliyokubaliwa, kila zamu hufanya kivyake, na hakuna awezaye kusema kama wazo jipya limesaidia au la. Ni sawa na jaribio la maabara ambalo kila mwanafunzi anapima kwa rula yake. Tofauti iliyopo ni ya mwandishi: maelezo hayo huandikwa na kikundi chenyewe, na hubadilishwa na kikundi chenyewe pindi njia bora ipatikanapo. Namna ya kumfundisha mtu kazi hatua kwa hatua Wajapani waliipata kwa Wamarekani, ambao walikuwa wameibuni ili kuwafundisha kwa haraka wafanyakazi wapya wa viwanda vya vita kati ya 1940 na 1945. Mwaka 1962 Profesa Kaoru Ishikawa na wenzake walianzisha vikundi vidogo vya ubora, ambavyo wafanyakazi wa sehemu moja hukutana kujadili tatizo moja kwa takwimu walizokusanya wenyewe. Vikundi hivyo vilienea Japani yote, na baadaye katika nchi nyingi.

Imebaki sababu ya tatu, ambayo ndiyo nzito kupita zote. Mfanyakazi akipata njia ya kuwezesha kazi ya watu watano ifanywe na wanne, yule wa tano atakwenda wapi? Mwenye akili timamu hawezi kuvumbua njia ya kujifukuzisha kazi. Toyota yenyewe ilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1950 kampuni ilikuwa karibu kufilisika, ikatangaza kupunguza watu, wafanyakazi wakagoma, na zaidi ya 1,500 wakaondoka. Kiichiro Toyoda alijiuzulu kwa ajili ya jambo hilo. Tangu hapo kampuni na chama cha wafanyakazi walielewana kwamba ajira ya wafanyakazi wa kudumu italindwa, na mwaka 1962 pande hizo mbili zilitia saini tamko la pamoja la kuaminiana. Utaratibu wote ulioelezwa hapo juu ulisimama juu ya ahadi hiyo.

Kwa muda mrefu watu wa nje walidhani kwamba mambo haya yanawezekana Japani tu, kutokana na tabia na mila za Wajapani. Dhana hiyo ilijaribiwa katika mji wa Fremont, jimbo la California. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda huko ambacho kilifungwa mwaka 1982. Sifa yake ilikuwa mbaya mno: siku za kawaida mtu mmoja katika kila watano hakufika kazini, migomo ya ghafla ilitokea, na malalamiko ya wafanyakazi dhidi ya wasimamizi yalirundikana kwa maelfu. Mwaka 1984 kiwanda hicho kilifunguliwa tena, chini ya ubia wa General Motors na Toyota, kwa jina la NUMMI. Uongozi ulikuwa wa Toyota, lakini walioajiriwa wengi, zaidi ya wanane katika kila kumi, walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao kilikuwa kile kile.

Mamia yao walipelekwa Japani, katika kiwanda cha Takaoka, wakafanye kazi bega kwa bega na wenyeji. Waliporudi walikuta kamba iko juu yao. Mkataba wao ulisema kwamba kabla ya mfanyakazi yeyote kupunguzwa, kampuni itaanza kwa kupunguza mishahara ya wakubwa na kurudisha kiwandani kazi zilizopewa watu wa nje. Ahadi hiyo ilipimwa upesi. Mwaka 1987 na 1988 magari hayakununuliwa kama ilivyotazamiwa, na kazi ikapungua. Hakuna aliyefukuzwa. Waliokosa kazi mstarini waliwekwa katika mafunzo na katika vikundi vya kuboresha vituo vya kazi. Watoro walishuka hadi chini ya 5 katika kila 100. Watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts walilinganisha viwanda vitatu katika miaka hiyo na kukuta kwamba kuliunganisha gari moja kulichukua saa 31 za kazi katika kiwanda cha General Motors cha Framingham, saa 19 katika NUMMI, na saa 16 huko Takaoka. Mashine za Fremont hazikuwa za ajabu. Kiwanda hicho kiliendelea hadi Aprili 2010.

Ndipo ingetarajiwa kwamba General Motors ingeunakili utaratibu huo katika viwanda vyake vyote kwa mwaka mmoja au miwili. Haikuwa hivyo. Katika kiwanda chake cha Van Nuys, katika jimbo lile lile, vikundi vya kazi vilianzishwa mwaka 1987, lakini wasimamizi waliendelea kupimwa kwa idadi ya magari yanayotoka mlangoni, na chama cha wafanyakazi kiligawanyika, wengine wakiamini kwamba vikundi ni hila ya kuwabana. Kamba isiyovutwa ni pambo. Van Nuys ilifungwa mwaka 1992. Kosa halikuwa la kukosa ujuzi, kwani ujuzi wote ulikuwa katika kampuni yao wenyewe, mwendo wa siku moja kwa gari.

Katika Afrika nako utaratibu huu umeingia. Ethiopia ilianzisha taasisi ya serikali ya kaizen mwaka 2011, na Tanzania ilianza mwaka 2013, wakati wizara ihusikayo na viwanda iliposhirikiana na shirika la misaada la Japani, JICA, kuwafundisha wataalamu wa kuvizungukia viwanda. Hatua ya kwanza ifundishwayo karibu kila mahali ni kupanga karakana: kuondoa visivyotumika, kukipa kila kifaa mahali pake, kufagia, na kuilinda hali hiyo isirudi nyuma. Umbo la kila spana huchorwa ukutani, na jioni fundi hujua kwa kutupa jicho ni ipi haijarudi. Faida yake huonekana katika juma la kwanza, na hiyo ndiyo hatari yake pia. Ukuta uliochorwa spana hupendeza machoni mwa wageni, na kiwanda chaweza kuridhika nao kwa miaka mingi pasipo mfanyakazi yeyote kuulizwa jambo lolote.

Lakini uko upande mwingine ambao wanaousifu utaratibu huu mara nyingi huupita kimya. Mwandishi wa habari wa Kijapani, Satoshi Kamata, aliajiriwa na Toyota mwaka 1972 kama kibarua wa msimu kwa miezi sita, na mwaka 1973 alitoa kitabu juu ya aliyoyaona. Alieleza kasi ya mkanda iliyopandishwa, watu waliopunguzwa kituoni mara tu nafasi ilipopatikana, na uchovu uliowafanya wenzake wapya watoroke. Vibarua wa msimu hawakuwa ndani ya ile ahadi ya ajira. Tukirudi kwa mfanyakazi wetu na kigari chake cha bolti, swali ni moja: ule muda aliookoa kwa kuacha kutembea kilomita moja ni wa nani? Akiachiwa sehemu yake apumue, atatafuta kilomita nyingine ya kuondoa. Akiongezewa kazi nyingine ya kuujaza wote, hatatafuta tena, na wenzake watakuwa wamejifunza kutokana naye.

Swali hilo hatimaye lilifika mahakamani. Mwezi Februari 2002 mfanyakazi mmoja wa Toyota mwenye umri wa miaka 30 alianguka akiwa kazini na kufariki. Katika mwezi wake wa mwisho alikuwa amefanya zaidi ya saa 100 za ziada. Sehemu ya saa hizo aliitumia katika shughuli za kikundi cha ubora na mapendekezo ya uboreshaji, baada ya zamu yake, na maofisa wa serikali waliohusika na fidia walikuwa wamekataa kuzihesabu kwa kuwa zilichukuliwa kuwa za hiari. Mjane wake alifungua kesi. Tarehe 30 Novemba 2007 mahakama ya wilaya ya Nagoya iliamua kwamba shughuli hizo zilikuwa kazi, kwa kuwa zilileta faida kwa mwajiri na mwajiri alizihitaji. Mwezi Mei mwaka uliofuata kampuni ilitangaza kuondoa kikomo cha malipo kilichokuwapo, na kuanzia Juni 2008 saa zote ambazo wafanyakazi walitumia katika vikundi vya ubora zikawa zinalipwa kama saa nyingine za ziada.